Dada Alimkataza Mke Wangu Vidonge vya Kliniki, Leo Anavimeza Yeye

Wapendwa, nawasalimu. Admin, nakuomba unifichie jina, maana dada yangu naye anausoma ukurasa huu na huwa anacheka sana visa vya watu. Hiki sijui kama atacheka.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, mkulima wa mpunga na mahindi huku Kakese, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Shule niliishia darasa la saba. Nina mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anaanza kutembea vizuri. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa.

Mama yetu alituacha tukiwa wadogo, hivyo mimi nimelelewa na dada. Ndiye aliyenishonea sare ya shule, ndiye aliyefuatana na wazee kwenda Katumba kuniposea mke. Marehemu mke wangu alimpenda sana. Dada akija, walikaa jikoni wakichambua mchele na kutaniana mpaka mimi nasahauliwa na njaa yangu.

Dada anauza nguo Kashaulili, mjini Mpanda. Kipindi hicho alikuwa amejiunga na biashara ya virutubisho, zile za semina na makofi mengi. Mke wangu alikuwa ameanza kliniki, akapewa vidonge vyekundu vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito wote. Vikamsumbua. Vilimtia kichefuchefu, na choo kikawa cheusi, akaogopa. Dada akaja na kopo lenye picha ya mzungu mjamzito.

"Wifi, hivyo vya kliniki achana navyo," akamwambia. "Choo cheusi maana yake vinakuunguza ndani. Halafu vinamkuza mtoto, utaishia kupasuliwa. Kingekuwa kitu cha maana wangekigawa bure?"

Mke wangu akalizungusha kopo, akasema, "Sasa wifi, huyu mzungu atatujua sisi wa Kakese?"

"Atakujua tu. Damu ni damu."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia mlangoni. Baada ya dada kuondoka nilimuuliza mke wangu kama ana uhakika. Akanijibu, "Wifi yangu hawezi kunidanganya. Mtoto huyu ni wake pia."

Basi akachagua kopo. Kliniki aliendelea kwenda, nesi akimuuliza kama anameza vidonge anajibu anameza, maana dada alishamwambia manesi watamgombeza. Siku moja nilimsindikiza, tulipotoka nje akanivuta shati akasema, "Nimemdanganya nesi wa watu," huku amefunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa na pengo dogo la mbele, kila akicheka alilifunika. Mimi pengo lile nilikuwa nalipenda.

Alijifungua, nikasikia mtoto analia, nikamshukuru Mungu. Kisha damu ikaanza kumtoka, haikusimama. Daktari aliniambia kwa upole kwamba mke wangu alifika pale akiwa na damu kidogo mno, mwili haukuwa na cha kupoteza. Mimi sisemi kopo ndilo lililomuua. Sina elimu ya kusema hivyo, na wapo wanaomeza kila walichopewa na bado wanatutoka. Hata dada sikumlaumu. Nilijiambia naye alidanganywa huko kwenye semina, aliamini anamsaidia wifi yake. Msibani alilia mpaka akamwagiwa maji. Akambeba mtoto mgongoni akaenda naye kwake mjini, na mpaka leo ndiye anayemlea. Anamlea vizuri, siwezi kusema uongo.

Sasa dada ni mjamzito. Wiki iliyopita nilimpelekea mchele. Tulikuwa tunakunywa uji, akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge vyekundu, akameza kimoja kwa maji ya ndimu.

Nikamuuliza, "Dada, hivyo si vya kliniki?"

"Ndiyo. Ukimeza na ndimu havitapishi."

"Na makopo yako?"

Akacheka. "Makopo ni ya kuuza, mdogo wangu. Mimi na umri huu nibahatishe? Hata mimba za wanangu wawili wa kwanza nilimeza hivi hivi."

Ndipo akaelewa amesema nini, na mbele ya nani. Kikombe akakiweka chini.

"Usianze," akasema. "Yaliyopita yamepita. Nani amemlea mwanao? Usianze kabisa."

Mwanangu akaja akampanda mapajani, akamwita mama.

Ndugu zangu, hilo ndilo linaloniuma. Kumbe alijua tangu mwanzo. Alijua hata namna ya kuvimeza visitapishe, lakini kwa mke wangu akaleta kopo. Kosa la kutokujua ningelisamehe, lakini hili nimeshindwa hata kulitafutia jina.

Juzi mama mkwe wangu amenipigia kutoka Katumba. Anakuja Jumapili. Amesema, "Mkwe wangu, nimefuga kuku, nimenunua na kitenge. Nataka nipige magoti nimshukuru yule dada yako kwa mikono yangu, kwa kunilelea mjukuu." Kwao ndivyo wanavyoshukuru, na amesema nami niwepo nishuhudie.

Nikimwambia ukweli, atamchukua mtoto siku hiyo hiyo. Yeye ni mzee, macho yanasumbua, na mtoto atampoteza mama wa pili. Mimi mwenyewe nashinda shambani, sina wa kumwachia. Nikinyamaza, nitakaa kwenye kiti nikimtazama mama wa marehemu anapiga magoti mbele ya dada, na dada ananyoosha mikono kupokea.

Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Wenye hekima naombeni mnijibu kabla ya Jumapili.