Siku Ng'ombe wa Kaseti Walipovuka

Nakumbuka, mwanangu, na sitaki kusahau, siku ambayo nusu ya soko la Rulenge ilisimama kuniangalia mimi, mama wa chai, nikichunga ng'ombe ndani ya runinga. Unacheka? Cheka tu. Wajukuu zangu nao hucheka nikivaa miwani yangu iliyofungwa kwa uzi na kuwaomba simu. "Bibi, hii si ya wazee," wananiambia. Nawajibu kwamba mimi nilikuwa nacheza gemu wakati baba zao hawajajua kujifuta kamasi. Halafu nawasimulia habari hii, na kabla sijaimaliza wanakuwa wameweka simu chini.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukiona nimepinda mahali, nyoosha mwenyewe uendelee.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walivuka mpaka kutoka Burundi na magodoro vichwani, watoto mgongoni, wengine na mbuzi mmoja wa kamba. Ngara yetu, iliyozoea kulala mapema, ikajaa malori na jenereta na watu wa kila lugha. Turubai za bluu zikawa kila mahali, hata mabanda ya kuku yaliezekwa kwa turubai. Na biskuti za msaada! Zilikuwa ngumu, unaloweka kwenye chai mpaka chai yenyewe inapoa. Lakini biskuti si habari yangu, nisije nikapotea njiani mapema hivi.

Katika mambo hayo mapya, ndugu yangu Gervas, mtoto wa mama yangu mdogo, akajipatia mashine ya gemu kutoka kwa dereva mmoja wa lori. Usifikiri ni kama hizi za sasa. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule, nyeupe iliyogeuka njano. Juu ilikuwa na mdomo wa kuchomekea kaseti, na mbele nyaya mbili zenye pedi, vile vidude vya kushika mkononi vyenye vitufe. Isipowaka, unachomoa kaseti, unaipuliza, unairudisha. Kila kijana wa Rulenge alikuwa fundi wa kupuliza. Gervas akajenga kibanda karibu na barabara, akaweka mabenchi, runinga na jenereta iliyokohoa kuliko marehemu babu yetu. Mimi nikaweka jiko langu la chai na maandazi pale pale barazani.

Kaseti zilikuwa tatu. Moja ya ngumi, watu wanarushana mateke mpaka mmoja analala. Ya pili ya mpira. Ya tatu ilikaa chini ya boksi, haina hata karatasi ya picha, na ndiyo ninayotaka kukusimulia. Ukiiwasha, yanatokea maandishi kama vijiti vilivyomwagika, hata mwalimu wetu hakuyajua. Halafu anatokea mtu mdogo mwenye kofia ya duara na fimbo, na kundi la ng'ombe, mmoja wao ana kengele shingoni. Unatakiwa uwafikishe nyumbani kabla jua, lililochorwa pale juu kwenye kona, halijazama. Hakuna bunduki wala mateke. Vijana waliijaribu, wakafika kwenye mto, ng'ombe wote wakazama, muziki wa msiba ukapigwa, wakaichomoa. "Hii ya kulaza watoto," wakasema. Tangu hapo ikakaa chini ya boksi.

Mimi niliipenda. Nitakueleza kwa nini, na hapa nivumilie kidogo. Kwetu Nyakisasa baba alijaliwa watoto wa kike watupu. Na kwa desturi yetu ya zamani, mtoto wa kike hachungi ng'ombe, atalima, atachota maji, atapika, lakini fimbo ya ng'ombe ni ya wavulana. Baba akatazama kundi lake, akatutazama sisi, akanipa mimi fimbo. Watu walisema sana. Waliniita mvulana wa kanga. Mama akalia, akidhani sitaolewa. Nikachunga mpaka nilipoolewa, na niliolewa vizuri tu. Kwa hiyo asubuhi, Gervas akiwasha jenereta kuijaribu kabla wateja hawajaja, na unga wangu unaumuka kwenye beseni, nilikuwa naomba kaseti ya ng'ombe. Nilijua kupandisha kilima. Nilijua kupita kichakani penye mbwa mwitu. Ila mto ulinishinda na mimi.

Kibanda kile, mwanangu, kilikuwa na jambo moja ambalo sikuliona kwingine. Vijana wetu na vijana wa kambini walikaa benchi moja. Kisimani waligombana, kwenye kuni waligombana, lakini pale mmoja wa hapa alishika pedi hii na mmoja wa kule akashika ile, na Kihangaza chetu na Kirundi chao ni kama mtu na mdogo wake, basi walitaniana mpaka machozi. Wakinywa chai, walinywea kikombe kimoja.

Ndipo siku moja ya gulio ngumi zikatoka kwenye runinga zikaingia barazani. Deo, kijana wa kambini mwenye vidole vyepesi kuliko wote, alimshinda kijana wa hapa, yule akasema neno kuhusu watu waliokimbia kwao, na mara benchi likaruka, sufuria yangu ya chai ikamwagika. Mwenyekiti wa kitongoji akaja, tumbo mbele, akaichukua ile kaseti ya ngumi akaitia mfukoni.

"Gervas," akasema, "gulio lijalo nitapita hapa. Nikikuta fujo, nafunga. Na nikikuta hakuna mtu, nafunga vilevile, maana sitaki kibanda kitupu cha kujificha wahuni."

"Sasa mwenyekiti, nifanye nini hapo katikati?"

"Hilo la kwako."

Gervas akabaki na mpira. Na ule mpira, kwa kupulizwa na midomo yenye mate na makombo ya maandazi yangu, ulikuwa umeshakufa. Unawasha, runinga inaleta chenga tupu, kama mchele. Ikabaki kaseti ya ng'ombe. Wiki ile vijana walipita wakichungulia, wakiona ni ng'ombe, wanaendelea na safari. Wa hapa wakarudi kukaa upande wao wa soko, wa kambini upande wao. Nilipoona vile moyo uliniuma kuliko chai iliyomwagika.

Gervas akaniambia, "Dada Skola, nauza mashine. Kuna mtu wa Biharamulo anaitaka."

"Na kaseti ya ng'ombe?"

"Hiyo ataitupa njiani."

"Hauzi mtu kitu hapa," nikamwambia. "Siku ya gulio washa jenereta mapema. Nitacheza mimi."

"Wewe?"

"Kwani ulidhani asubuhi nilikuwa nafuta vumbi?"

Siku ikafika. Nikavua aproni, nikaketi benchi la mbele, nikashika pedi. Mwanamke mzima, mama wa watoto, na unga bado uko kwenye vidole. Habari ilienda sokoni haraka kuliko moto. Wakaja kucheka, na waliokuja kucheka ni watu pia, kibanda kikajaa.

"Jamani, mama maandazi anachunga!" Deo akapiga kelele. "Shangazi, usije ukawakaanga hao ng'ombe!"

"Wewe kwenu mlichunga nini, panzi?" nikamjibu bila kugeuza kichwa. Vijana wetu wakacheka, na wa kambini wakamcheka mwenzao zaidi. Nikasikia mabenchi yanasogezwa karibu.

Nikapandisha kilima. Nikapita kichakani. Wakaanza kuinuka kwenye mabenchi waone vizuri, maana wengi hawakuwahi kufika hata pale. Mwenyekiti naye akatokea mlangoni, akasimama na fimbo yake ya ofisi. Sikumsalimia, Mungu anisamehe, mikono ilikuwa na kazi.

Tukafika mtoni. Ng'ombe wakasimama ukingoni, wakagoma. Jua kwenye kona likaanza kuwa jekundu.

"Piga!" Deo akasema.

"Piga, mama, jua linazama!" wakaitikia wote, wa hapa na wa kule.

Kulikuwa na kitufe cha fimbo. Kila aliyecheza kaseti ile alikibonyeza pale mtoni kama anatwanga, kwa sababu kwenye kaseti nyingine zote kitufe ni cha kupigia. Na mimi, niliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, kwa ajili ya makelele nikanyanyua kidole nipige.

"Mwana wanje, reka."

Sauti ilitoka pembeni, karibu na jiko langu. Alikuwa Mzee Baranyikwa. Huyu alikuwa mkimbizi, mtu mzima sana. Kila gulio alikuja kunywa chai kwangu, akiinua kikombe kwa mikono miwili, na zaidi ya kuitikia shikamoo yangu sikuwahi kumsikia akizungumza. Sasa alikuwa amesimama. Alikuwa ananiambia, mwanangu, acha.

"Ng'ombe hapigwi akiwa ukingoni," akasema, kwa Kirundi, polepole, na kila mtu akamwelewa. "Ukimpiga ataingia kwa hofu, na mwenye hofu hazitazami pembe za mwenzake, anageukia kokote. Aliyekulea hakukufundisha?"

Nikaona aibu mpaka masikioni. Alinifundisha! Baba alinifundisha vilevile kabisa, kwa maneno yale yale, kwenye mto wa kwetu. Asubuhi zile zote sikuyafikiria, nikidhani ni gemu tu, na sasa makelele ya watu yalikuwa yameyafukuza kabisa.

"Yule wa kengele," mzee akaendelea, "mwache anywe kwanza."

Nikaondoa kidole. Nikamrudisha yule mtu mdogo wa kofia nyuma kabisa ya kundi, nikamsimamisha. Basi. Sikugusa kitu tena. Jua linashuka.

"Mama, unalala?"

"Mashine imekwama, Gervas, ipulize!"

"Nyamazeni!" Huyo alikuwa mwenyekiti. "Hamkusikia? Amwache anywe!"

Yule ng'ombe wa kengele akainamisha kichwa. Hatukuwahi kumwona akifanya hivyo, maana hakuna aliyewahi kumngoja. Akanywa. Jua limebaki kama ukucha. Akainua kichwa, kengele ikalia kwenye runinga, ting, na akaingia majini mwenyewe. Wa pili akamfuata. Wa tatu. Wakaenda mmoja nyuma ya mwingine, na mimi nyuma yao, bila fimbo, mpaka wa mwisho akapanda ng'ambo akajikung'uta maji. Ukatokea muziki mwingine, wa furaha, na nyumba ndogo yenye moshi, na mwanamke amesimama mlangoni na kibuyu.

Mwanangu, ile kelele! Deo alimkumbatia yule kijana waliyepigana naye, nadhani bila kumtazama ni nani, alipomtazama wakacheka wote wawili. Mwenyekiti alikuwa anapiga fimbo yake chini akisema, "Nimesema mimi, amwache anywe!" Tangu siku ile hadi alipozeeka alisimulia kwamba yeye ndiye aliyenishauri. Sikumbishia, kwa sababu kibanda hakikufungwa, na siku iliyofuata mabenchi yalijaa, kila mtu anataka kuwapitisha ng'ombe, wa hapa na wa kambini.

Nilipogeuka kumtafuta Mzee Baranyikwa nikamkuta amerudi kwenye kigoda chake. Nikampelekea chai na andazi. Nikamwambia asante. Alikuwa anatazama runinga bado, ile nyumba yenye moshi.

"Mimi nilikuja na kundi," akasema. "Mto Ruvubu ulikuwa umejaa. Nyuma yetu kulikuwa na milio ya risasi, watu wakawapiga ng'ombe wangu ili waharakishe." Akanywa chai kidogo. "Leo wamevuka wote."

Nikamjazia kikombe tena. Kila gulio baada ya hapo alikaa benchi la mbele, na vijana walimwachia nafasi na kumsalimia kwanza. Akawa anawafundisha kuchunga, yeye ambaye hakugusa pedi hata mara moja.

Kaseti ninayo. Mashine ilikufa, jenereta ilikufa, kambi zilifungwa na watu wakarudi kwao, Gervas sasa ana duka la mabati. Kaseti nimeifunga kwenye kitambaa, iko sandukuni pamoja na rozari ya mama. Mjukuu wangu alitafuta kwenye simu yake jina la gemu ile, hakulipata. Anasema labda haikupendwa na watu, ndiyo maana imepotea. Nikamwambia, kwetu Rulenge ilipendwa.

Basi nikuambie nilichotaka kukuambia tangu mwanzo. Kilichobaki chini ya boksi, usikitupe kabla hujakaa nacho asubuhi moja ukiwa peke yako. Na ulichofundishwa nyumbani, hata kama walikucheka kwa ajili yake, kitunze, kwa kuwa utakihitaji mahali ambapo hukutegemea, mbele ya watu wanaokupigia kelele. Wakikuambia piga, tazama kwanza kama aliye mbele yako ameshakunywa. Hili la mwisho nimelitumia kwa mume, kwa watoto, kwa majirani, na sijawahi kujuta. Na mgeni anayekaa kimya kwenye jiko lako, mpe chai, mpe na nafasi ya kusema.

Najivuna, ndiyo. Kwa umri huu nina ruhusa. Nenda sasa, mwanangu. Mungu akutangulizie wa kengele asiye na hofu, akusimamie nyuma bila kukuinulia fimbo, na kila mto utakaoufikia, wewe na wako, mvuke wote.