Kitambaa cha Kijani Hushuka Tunduru

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Notburga Komba anafunga kitambaa cha kijani kwenye sanduku la barafu. Anakivuta. Anakivuta tena. Ndani mna chupa mbili za damu, kundi O.

“Konda, kijani kinashuka wapi?” anauliza, stendi ya Songea.

“Tunduru, dada. Juzi uliniuliza, jana uliniuliza. Hata mke wangu hanichungi hivi!”

“Mkeo hajakupa damu ya mtu.”

Notburga, mkazi wa Matogoro, hutunza damu katika hospitali kubwa inayoshirikiana na nyingine sita ndogo. Kila moja ina mganga mkuu na uongozi wake, lakini ghala la damu ni moja na daktari wa upasuaji ni mmoja, anazunguka. Kila siku saa moja asubuhi Notburga huzipigia simu moja baada ya nyingine, nazo zinataja zilichopungukiwa.

Leo Tunduru imemtaja Mwanahawa, aliyejifungua jana akatoka damu nyingi.

Magari hayatoshi, basi damu inapanda basi la abiria. Mwaka juzi masanduku yalifanana yote. La Tunduru likapitilizwa hadi Nakapanya, barafu ikayeyuka, damu ikamwagwa. Mgonjwa aliponea kwa damu ya walimu wawili waliojitolea.

“Kosa langu,” anasema Notburga. “Niliandika jina kwa kalamu. Sanduku likatoka jasho, wino ukaenda.”

Ndipo vilipoanza vitambaa: kijani Tunduru, chekundu Nakapanya.

Saa saba, basi linapaswa kuwa limefika. Simu iko mezani, kimya. Ugali umepoa, hajaugusa. Saa saba na nusu anampigia konda, hapatikani.

“Nilikivuta vizuri?” anauliza, haijulikani anamuuliza nani.

Saa nane na nusu simu inaita. Ni Subira, muuguzi wa Tunduru.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Sema!”

“Kijani kilishuka, na barafu yake.”

“Tangu saa ngapi? Si mngenipigia!”

“Tumhudumie nani kwanza, dada, wewe au mama?”

“Haya. Mama je?”

“Anaongezewa. Alhamdulillahi, ameomba chai.”

Notburga anakaa, anauvuta ugali wake wa baridi.

Tunduru imeahidiwa jokofu lake la damu. Chumba kimeshapakwa rangi, jokofu halijaja. Akiulizwa atafanya nini likija, anafikiri kidogo.

“Nataka siku moja basi la Tunduru lipite,” anasema, “nami nisijue limepita saa ngapi.”