Rada ilivyomwona dada Minza mawingu yakiwa yamefunga

Mwangaluka wakuu. Shule niliishia la pili, mkiona herufi zimekaa vibaya mnivumilie. Haya yametupata sisi wenyewe, sijatia chumvi.

Mvua ilikuwa imefunga Bariadi yote. Dada yangu Minza anakaa peke yake bondeni kule Nkoma. Nikawa namuwaza tu.

Mjukuu wangu Kabula yuko ofisi ya ramani. Akanionyesha kwenye simu picha ya bonde lile, imepigwa na setilaiti yenye rada.

"Imepenyaje mawingu?"

"Bibi, hii haingoji mwanga. Inatuma mawimbi yake chini, halafu inasikiliza yanavyorudi. Mawingu hayayazuii."

Tena akasema antena yake inaelekezwa. Setilaiti inaendelea na njia yake, mawimbi wanaoiendesha wanayageuzia wanakotaka. Chukulia ng'ombe: anatembea mbele, sikio kalielekeza kwa ndama nyuma. Siku hiyo sikio lilielekezwa kwa Minza.

Nikaona weusi mpana karibu na nyumba. Nikafurahi! Kwetu Wasukuma udongo mweusi ndiyo mbuga, pamba inakubali.

"Mbuga ya marehemu shemeji Ng'wandu hiyo! Inaonekana mpaka juu!"

Kabula hakucheka. "Bibi, hayo ni maji. Maji yaliyotulia yanarusha mawimbi upande mwingine, hayarudi, ndiyo maana panakuwa peusi. Picha iliyopita hapakuwa hivi."

Nikampigia Minza simu, nikamwambia ahame sasa hivi.

"Nimwache Ng'wandu?" Minza akasema. Mumewe kazikwa pembeni ya zizi, ndivyo tunavyomzika mwenye mji, baba wa nyumba. "Hicho kidude chenu kije kinibebe chenyewe!"

"Dada, Ng'wandu maji hayamuui tena. Ila ng'ombe wake Ntemi, Malaika na ndama, aliowapa majina yeye mwenyewe, wamo zizini. Nani atawafungulia?"

Kwenye simu nikasikia miti ya mlango wa zizi ikichomolewa.

Aliwaswaga mpaka kilimani kwa jirani yake Masanja. Maji yakaingia nyuma yake, nyumba ikalala chini. Kaburi bado hatujalifikia.

Sasa yuko kwangu, tunalala kitanda kimoja kama enzi za mama yetu Holo. Ananivuta shuka, asubuhi anasema mwizi ni mimi. Mwacheni avute.

Nilichojifunza wakuu: mzee akigoma kuhama, usigombane na kaburi lake. Mtafutie aliye hai wa kumtoa.

Nanyi mna mzee aliyegoma? Mlimtoaje? Andikeni, nitamsomea Minza. Yuko hapa pembeni, anasema bado hajakubali kuhama.