Siku Nilipofunua Kikapu cha Dada

Marehemu dada yangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na tatu, lakini mtaani hakuna aliyemwita fundi. Walimwita Mama Vikapu. Vipande vya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani yake alivishona kuwa mito minene, akaipanga ndani ya kikapu kikubwa chenye mfuniko, na katikati akaacha nafasi ya sufuria. Chakula kilichochemshwa dakika ishirini tu kilitiwa humo, kikafunikwa, kikaendelea kuiva bila moto. Kila Jumamosi alifundisha mambo hayo katika ukumbi wa mtaa: kupika kwa mkaa kidogo, kukinga maji ya mvua, kugeuza maganda kuwa mbolea. Sharti lake la kikapu lilikuwa moja: ukishafunika, mikono mbali, joto lisitoke.

Mimi ndiye niliyelivunja. Ni wiki ya saba tangu tumzike, na kila nikipiga magoti kusali jambo hili ndilo linalonijia kwanza. Kwa hiyo naliandika.

Mwaka wa pili wa darasa, vijana wa karate nao waliuomba ukumbi, Jumamosi hizohizo. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mwalimu mstaafu asiyecheka ovyo, akamwambia dada, "Mama, alika watu, pika mbele yetu. Tukiona kikapu kina faida, Jumamosi ni zako. Tukiona ni maneno tu, tunawapa vijana." Dada alikosa raha juma zima. Chumba chake cha cherehani hakikutosha watu watatu, na wanafunzi walikuwa arobaini. Bila ukumbi hakukuwa na darasa.

Siku yenyewe, saa mbili asubuhi, aliyachemsha maharage yaliyolowekwa tangu jana yake, akayatia kikapuni, akafunika. "Mdogo wangu, kaa hapa," akaniambia. "Mtu asiguse." Akatoka kwenda kuwaonyesha wageni wa kwanza pipa la maji ya mvua nyuma ya ukumbi.

Nilikaa nikikitazama kile kikapu. Hakikutoa mvuke wala sauti. Sufuria niliyoizoea mimi hutokota, hutoa povu, humwita mpishi. Nikaomba: Bwana, usimwaibishe dada yangu. Hapo nikakumbuka kwamba sikumwona akitia chumvi. Wageni sabini, maharage ya chukuchuku! Nikafunua. Nikatia chumvi, nikakoroga, nikaonja mchuzi, nikakoroga tena. Labda dakika tano, labda kumi. Nikafunika, nikamshukuru Mungu kwa kunikumbusha. Sikujua kwamba dada hutia chumvi mwishoni, maharage yakishalainika.

Saa sita ukumbi ulikuwa umejaa. Mwenyekiti aliketi mbele, sahani mapajani. Mama mmoja muuza mkaa akapaza sauti kutoka nyuma, "Haya, leo tujue! Mkaa wangu unazikwa au unafufuka?" Watu wakacheka.

Dada akafunua, akachota punje moja, akaitia mdomoni. Nilikuwa karibu, nikaisikia ikikatika kama karanga mbichi. Akatafuna polepole. Kisha akainua macho akanitazama mimi moja kwa moja. Ile chumvi ilikuwa imemwambia kila kitu.

"Vipi, Mama Vikapu?" mwenyekiti aliuliza.

"Hayajaiva."

"Nina gunia hapo nje," muuza mkaa akadakia. "Nilete?"

Safari hii mwenyekiti aliwanyamazisha waliocheka. "Mama, nijibu moja tu. Kosa ni la kikapu au la mtu?"

"La mtu."

"Mtu gani?"

Mimi nilikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, na nusu ya wageni wale nilisali nao. Dada alilijua hilo. "Mimi," akasema. "Mwalimu ni mimi."

Nikasimama. "Si kweli. Nimefunua mimi. Nimetia chumvi."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Ni vizuri ndugu kumbebea ndugu yake lawama, mama. Lakini sisi tumekuja kuona chakula."

Hakuniamini. Ukweli wangu ulikuwa umechelewa, ukaonekana uongo wa huruma.

"Nipe mpaka saa tisa," dada akamwambia.

"Watu wana shughuli zao."

"Wenye shughuli waende. Wewe baki. Utakifunika kwa mkono wako, na utakilinda wewe."

Akayachemsha upya. Mwenyekiti akafunika mwenyewe, akavuta kiti, akaegemeza goti kwenye kikapu kama askari wa geti. Zaidi ya nusu ya wageni waliondoka. Kwa waliobaki dada alifundisha habari za mbolea kwa sauti ya kawaida, ila mkono wake mmoja ulikuwa ukikunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake bila kupumzika. Nilipompelekea maji aliyapokea bila kunitazama. "Asante. Sasa kaa mbali na chumvi."

Saa nane muuza mkaa alisogea. "Mzee, funua kidogo tu tuchungulie."

"Ukigusa nakutoa nje," mwenyekiti alijibu, naye alikuwa amelowa jasho. Mimi nilikuwa nimemaliza sala zote ninazozijua.

Saa tisa kamili mwenyekiti akafunua. Mvuke ukampanda usoni, miwani ikaingia ukungu. Akashika punje kwa vidole viwili, akaibonyeza. Ikapondeka. Akala moja, akala ya pili, ukumbi mzima ukimtazama mdomo.

"Chumvi imezidi," akasema. Akafuta miwani. "Jumamosi ni zako, mama. Vijana tutawatafutia siku nyingine."

Dada hakushangilia. Aliketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavua viatu.

Jioni, tukiosha masufuria, nilianza kumwomba msamaha. Akanikatiza. "Ulisimama ukasema mbele za watu. Yamekwisha. Sugua huko chini, kumeganda."

Alifundisha katika ukumbi ule miaka sita zaidi, mpaka ugonjwa ulipomlaza. Habari ya siku ile hakuwahi kuisimulia darasani hata kwa mzaha, ingawa ingewafaa sana wanafunzi wake, maana kila mwaka yupo anayefunua. Alinyamaza kwa ajili yangu. Mungu ampe pumziko. Sasa naisimulia mwenyewe.