Page ya Zawadi Inasema Niko Nengo

Ficheni jina yangu, na ya jirani mwenye ananiandikia muifiche vilevile. Mi ni mumama wa miaka sabini na kitu, muzaliwa wa Masisi, niko Gisenyi, quartier ya Nengo. Sikusoma. Mi nasema, yeye anaandika, na nimemukataza kunirekebisha. Niko na watoto wawili Kigali, wanataka kunihamisha kwa nguvu, njo maana nawasumbua ninyi wenye munatoa mashauri.

Kwanza mujue, mu hii nyumba niliingia mara mbili. Mara ya kwanza ni wakati tulitoka Congo, mu ile miaka ya vita. Karibu na Sake watu walikimbia huku na huku, mukono ya binti yangu Zawadi ikaniponyoka. Mutoto wa kucheka ovyo, yule, hata mu misa. Padri mwenyewe alikuwa anangoja amalize. Bon, niendelee.

Hapa mujini kulikuwa ofisi ya kutafuta watu wenye walipotea. Wakaweka picha ya Zawadi kwa internet. Mi nilifikiri internet ni nyumba, nikauliza mulango iko wapi. Dada wa kompyuta, nitamwita Solange, akaandika chini ya picha: mama yake iko Nengo, nyumba ya mulango ya kijani, karibu na robine ya maji. Kisha nikahamia Rubona kuuza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Solange akabadilisha, akaandika Rubona.

Kila nikipita nauliza, "Solange, mutu amefungua?" Alinielezea kama mashini ya Kigali yenye inachunga ile page inaandika yenyewe kila mutu mwenye anaifungua, saa gani, anatokea wapi. Wanaita logi. Anaangalia, ananiambia, "Mama, bado. Ni mustari moja tu, ya zamani, ya Bubiligi, kule Bulaya."

Mustari moja! Na ndugu yangu mudogo mwenye iko Bubiligi, tuseme Faustin, anaapa kwa telefone, "Dada, naifungua hapa kwa kazi kila mara. Wenzangu waliiona, hata Wanyarwanda wa hapa walikuja kuangalia." Sasa nani mwongo? Directeur wa ofisi naye akasema picha zenye hakuna mutu anaangalia atazitoa, nafasi ni kidogo. Nikamwambia, "We directeur, mutoto yangu anakula nafasi gani? Alikuwa mwembamba!" Solange akacheka, mi nikalia.

Solange na wale wa mashini ya Kigali wakaanza kutafuta ile mistari yenye inakosa. Ayi wee! Wa Kigali mara wanasema disque ilijaa, mara saa ya mashini inadanganya, mara wanasema, "Labda mama ndiye anadanganya." Mi! Solange akafungua page pale pale Gisenyi, mustari ikaingia muzuri. Akapigia Faustin, "Fungua sasa, tunaangalia." Faustin anasema, "Zawadi huyu hapa, namuona." Kwa logi, hakuna kitu. Anafungua tena, hakuna. Nikanyang'anya telefone.

"Faustin, we unaangalia nini?"

"Picha, dada. Na chini wameandika mama yake iko Nengo, mulango ya kijani."

Nengo! Solange akashika kichwa. Donc, pale kwa kazi ya Faustin kulikuwa mashini ingine katikati. Mutu wa kwanza akifungua, ile mashini inajiwekea copie. Wenye wanakuja nyuma wanapewa ile copie, hairudi tena kuuliza mashini yetu. Njo maana logi haikuwajua. Na Rubona yetu haikufika. Solange akasema mashini za namna ile ziko nyingi Bulaya.

"Kwa hiyo watu wanasoma Nengo na mi niko Rubona?"

"Ndiyo, mama."

Sikuaga mutu. Nikapanda taxi mpaka Nengo. Mwenye nyumba akaniona, "Heee, mama Zawadi! Kuko musichana alikuja kukuuliza. Nilimwambia ulirudi Congo."

"Musichana gani?"

"Murefu. Wa kucheka."

"Alicheka nini?"

"Mulango yangu! Anasema, hii njo kijani?"

Rangi ilikuwa imetoka yote, ni kweli. Hakuacha jina wala adresi.

Nikahama Rubona, nikaingia tena mu ile nyumba, ili ile copie isiseme uongo. Ofisi ilifungwa zamani, Solange alienda. Mulango napaka kijani kila Pasaka, watu wa quartier wanajua.

Sasa watoto, kwa sababu wamesoma, wanasema, "Mama, ile mashini zilikufa zote, hakuna copie yenye imebakia, hakuna mutu anaangalia." Ayi! Hata ile logi ilisema hakuna mutu anaangalia, na musichana alikuja mpaka kwa mulango. Wamenitayarishia chumba Kigali, yenye carreaux, zile vigae za chini. Magoti yangu inauma, kupanda hii mulima siwezi tena, sikatai. Voiture, gari ya kunibeba, inakuja Jumamosi.

Na musiniambie niandike hapa adresi ya Kigali. Nilishaandika Rubona siku moja, haikufika.

Nishaurini, watoto yangu. Nipande ile voiture ao nibakie? Nikipanda, akigonga, nani atamufungulia?