Mshika Kibanio wa Chuo cha Lindahl

Mtu akikwambia Delmar Ostby alikuwa mwongo, mwambie Royce Tveit amesema anyamaze. Akikuuliza huyo Royce Tveit ni nani, mwambie ni yule mpumbavu aliyekuwa ameshika fimbo ya mbele.

Delmar alimaliza Lindahl mwaka sabini na tano. Chuo chenyewe kidogo, hapa hapa Harlan Fork, Iowa, kimezungukwa na mahindi pande zote nne, na mwaka wa neema kilikuwa na wanafunzi mia saba. Timu iliitwa Wana-Plau. Mpira wetu ni ule wa kubeba kifuani na kugongana, si wa kupiga chenga, na Delmar alicheza kwenye safu ya kuzuia. Miaka minne alikanyagwa na kukanyaga, na mpira hakuwahi kuugusa kihalali hata mara moja. Baadaye akawa fundi wa maghala ya nafaka, akamwoa Arlys, akajenga nyumba mahali ambapo angeweza kuziona nguzo za goli kutoka dirisha la jikoni. Arlys alizoea kusema, "Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa ni kile chuo, na wala hapiki."

Na timu yenyewe sasa! Tulikuwa tunafungwa. Tulifungwa kwenye jua, tukafungwa kwenye theluji, tulifungwa na vyuo ambavyo hata makocha wao walituonea huruma. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Sisi tulivumilia miaka na mikaka, mbivu wakala mahasimu wetu, chuo cha Whitcomb. Mwaka jana Novemba ilipofika tulikuwa hatujashinda mechi kwa misimu miwili na ushee, na bado kila Jumamosi nyuma ya magari watu walikuwa wanachoma soseji na kupakua supu ya maharage, wamevaa makoti ya kijani, wakiambiana kwamba leo ndiyo leo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Delmar hakukaa jukwaani. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mmoja wetu sisi watu wa mnyororo. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifika, inapewa mengine manne. Isipofika, inautema mpira. Hizo yadi kumi ni mnyororo wenye fimbo mbili, na wanaoushika ni wazee wa mjini, wa kujitolea, wanaosimama ukingoni mwa uwanja. Mimi fimbo ya mbele. Delmar kibanio.

Kibanio ni kidude kidogo cha chuma, lakini ndicho chenye kesi. Kila majaribio yanapoanza upya, mshika kibanio hupiga goti, hubana mnyororo pale unapokatiza mstari wa chokaa ulio karibu. Mstari una upana wa kiganja, kwa hiyo lazima ijulikane ni ukingo upi. Ni wa nyuma, upande timu inakotoka. Siku zote ni wa nyuma. Mwamuzi akitaka kupima, mnyororo unaingizwa uwanjani, kibanio kinarudishwa kwenye mstari uleule, mshika kibanio anatamka "nyuma," na fimbo inasema yaliyobaki. Na mshika fimbo ya mbele ana kazi yake pia: kibanio kinapobanwa, atazame, atikise kichwa kwamba amekiona.

Kisha kuna ile sheria nyingine. Ukishika mnyororo huna timu. Hushangilii, hulaani, hupigi hata kofi. Delmar aliishika sheria hiyo kuliko mchungaji anavyoshika amri kumi. Gaylen, shemeji yake mwenyewe, aliwahi kurukaruka tulipopata pointi dhidi ya Whitcomb, na Delmar akamnyang'anya fimbo palepale.

"Nenda ukakae na mashabiki," alimwambia.

"Delmar, mimi ni kaka wa mke wako!"

"Ndiyo maana nakwambia kwa upole."

Mwezi wa kumi mwaka jana bodi ikatangaza kwamba chuo kinafungwa Mei. Wanafunzi hawatoshi, paa la maktaba linavuja, basi. Barua ilikuwa fupi kuliko ile wanayoleta watu wa umeme wakitaka kukata miti. Zilibaki mechi nne. Tukafungwa tatu. Ya mwisho ilikuwa na Whitcomb, nyumbani.

Wiki ile, mkahawani kwa Donna, meza yetu ya asubuhi ilikuwa kama ya msiba. Gaylen alijaribu kuchangamsha.

"Tukishinda Jumamosi, nanyoa masharubu."

"Hayo masharubu utazikwa nayo," nikamwambia.

Delmar alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Akasema, taratibu, kila mtu akasikia, "Ningetoa mkono wangu wa kulia tushinde hii moja. Moja tu. Nisingetaka kitu kingine." Watu wa huku hawasemi maneno kama hayo, na mtu akiyasema wengine huangalia vikombe vyao. Ningejua yatakuja kutumikaje, ningemziba mdomo.

Jumamosi walikuja watu ambao sikuwaona tangu tulipokuwa na nywele. Walijaza majukwaa, wakasimama mpaka kwenye nyasi. Na vijana wetu, sijui walikula nini, wakacheza. Walicheza mpaka nikapata maumivu ya tumbo kwa kujizuia kupiga kelele. Zikiwa zimebaki dakika nne tukavuka mstari wao wa goli, kumi na tatu kwa kumi, sisi mbele.

Tukipata pointi kengele ya kanisa la chuo hupigwa. Kwa kawaida mara saba, kisha basi. Siku ile waliokuwa kwenye kamba hawakuacha. Kengele ikalia na kulia, mpira ukapigwa, Whitcomb wakaudaka na kuanza majaribio yao, na kengele bado inalia. Nikaisimamisha fimbo yangu. Delmar akapiga goti kubana kibanio, na nilipomtazama niliona anatokwa na machozi. Si machozi ya kulengalenga. Yalikuwa yanadondoka kwenye mnyororo.

Nikageuza uso. Nimekulia hapa. Baba yangu aliwazika watoto wawili na sikuwahi kumwona akilia, kwa sababu alipolia tulitoka chumbani. Mwanamume akilia unampa heshima ya kutoonekana. Basi nikatazama nguzo za goli, nikatikisa kichwa kwamba nimekiona kibanio, na sikuwa nimeona kitu.

Whitcomb walijaribu mara tatu, wakasogea yadi nane, tisa. Jaribio la nne wakajitupa wote katikati kama ng'ombe wanaogombania mlango. Filimbi. Kessler, mwamuzi mkuu, mwalimu wa hesabu ambaye amechezesha mechi zetu miaka mingi, akainua mikono na kutuita tupime. Kama hawajafika, mpira ni wetu, tunapoteza muda, mechi imekwisha, tumeshinda.

Tukaingia uwanjani na mnyororo. Watu elfu mbili wakanyoosha shingo. Delmar akapiga goti kwenye mstari.

"Nyuma," akasema, kama alivyosema miaka thelathini na minne.

Kessler akakibonyeza kibanio kwenye ukingo wa nyuma. Nikauvuta mnyororo mpaka ukanyooka, nikachomeka fimbo. Pua ya mpira ilikuwa imeipita kwa vidole viwili.

Whitcomb wakaruka. Kessler akanyoosha mkono kuelekea lango letu, ishara kwamba wamefika. Na Delmar, bado amepiga goti, akaangalia mkono wake mwenyewe, akaangalia mstari, akageuka mweupe kama ile chokaa.

"Bwana Kessler," akasema. "Subiri. Nimekosea. Kibanio nilikibana ukingo wa mbele."

Ukibana mbele kisha ukapimia nyuma, mnyororo wote unarudi upana wa mstari. Upana wa kiganja. Wao walikuwa wamepita kwa vidole viwili.

Kessler alimtazama. Alitazama koti lake la kazi, alitazama pete ya Lindahl kidoleni, alitazama ubao wa matokeo. Alipojibu hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. "Delmar. Miaka yote hii hujawahi kuniomba kitu. Usianze leo."

"Siombi. Nakwambia."

"Royce," Kessler akanigeukia. "Wewe ulitazama kibanio?"

Ningeweza kusema sikutazama. Ilikuwa kweli, na ingemfanya asite. Lakini nilikuwa nimeshatikisa kichwa mbele yake, na nilimwona Delmar analia, na nilikuwa nimesikia habari ya mkono wa kulia. Moyoni nikasema: maskini, amevunjika moyo, anaiba mechi kwa ajili yetu.

"Nilitazama," nikasema. "Kilikuwa sawa."

Delmar hakuniangalia. Alisimama, akapangusa goti, akaushika mnyororo wake tukatoka. Dakika tatu baadaye Whitcomb wakavuka mstari wetu. Kumi na saba kwa kumi na tatu. Vijana wa Lindahl walilala chali kwenye nyasi na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwainua, maana hapakuwa na mechi nyingine ya kuwainulia.

Kwenye maegesho nilimfuata. Alikuwa ameshika mlango wa gari, haufungui. Nikamwekea mkono begani, jambo ambalo hatufanyi.

"Usijali," nikamwambia. "Hata mimi ningedanganya."

Alinitazama. Kisha akaingia garini.

Kwa Donna habari ilikuwa imefika kabla yetu, na hawakumkasirikia. Laiti wangemkasirikia! Walimpenda. "Mzee Ostby alitaka kuwaibia Whitcomb mchana kweupe!" Gaylen alikuwa anasimulia huku anajipiga mapaja. "Yule! Aliyenifukuza mimi kwa kuruka!" Walicheka mpaka machozi, wakasema hayo ndiyo mapenzi ya kweli kwa chuo, wakamwagiza Donna amwekee pai ya tufaha atakapokuja. Hakuja. Novemba ikapita, Desemba ikapita. Nilipiga simu, Arlys akapokea, akasema yuko ghalani. Kila siku yuko ghalani.

Januari chuo kilitutumia wahitimu kijitabu cha picha za msimu wa mwisho. Nilikuwa nakifungua taratibu, kwa uchungu, nikafika ukurasa wa kati. Delmar amepiga goti. Nyuma yake ubao wa matokeo: kumi na tatu kwa kumi, zimebaki dakika tatu na sekunde arobaini na moja, mpira wa Whitcomb. Nikaenda kuleta kioo cha kukuzia ninachotumia kufungia ndoano za samaki. Niliangalia vidole vyake, niliangalia mstari, nikaangalia upande ambao Whitcomb walikuwa wanaelekea. Kibanio kilikuwa ukingo wa mbele. Na pembeni, mtu mwenye fimbo, uso ameuelekeza kwingine. Mimi.

Nilikaa pale mezani mpaka kahawa ikapoa. Sikuwahi kujidharau kama siku ile. Kisha nikaendesha gari hadi kwake.

Alikuwa ghalani kweli, ananoa visu vya mashine ya kukatia nyasi, katikati ya Januari. Nikampa kijitabu. Hakuhitaji kioo.

"Sasa umeona," akasema.

"Nimeona. Delmar, nisamehe. Nilimwambia Kessler nilitazama, na sikutazama. Ulikuwa unalia, nikaona aibu kwa niaba yako."

Akaendelea kunoa kidogo. "Niambie kitu, Royce. Kabla ya hii picha. Hata dakika moja, usiku mmoja, uliwahi kufikiri labda nasema kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka.

"Hapana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. "Kaibandike kwa Donna."

"Delmar, wakiiona hiyo, watajua hukudanganya, lakini watajua pia kwamba—"

"Kwamba ni mimi niliyetufungisha."

"Ni sisi wawili. Mimi ndiye niliyetakiwa kukuhakiki."

"Basi waambie na hilo. Lakini kaibandike."

Niliibandika karibu na mashine ya kahawa, na nikaisema sehemu yangu mbele ya wote. Walisogea mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Gaylen alivaa miwani, akaivua. "Kwa hiyo tulikuwa tumewazuia," akasema. "Ule mpira ulikuwa wetu. Tulikuwa tumeshinda, na yeye..." Mimi hawakunigusa; mtu aliyegeuza uso wanamwelewa, wote wangegeuza. Walichoshindwa kumsamehe ni lile kosa. Wizi wangemsamehe mara saba sabini.

Ijumaa iliyofuata Delmar akaja kwa Donna, mara ya kwanza tangu mechi ile. Alivaa koti la kijani. Mazungumzo yakakatika, kisha yakaendelea kwa sauti ya chini kuhusu bei ya mbolea. Hakuna aliyemsogezea kiti. Akaketi peke yake kwenye meza ya dirishani, akaagiza kahawa na pai, akaanza kula.

Nikachukua kikombe changu, nikaenda nikaketi mbele yake. Aliendelea kutafuna. Alipomeza akafuta mdomo.

"Rudi ukakae na wenzako, Royce," akasema, bila ukali wowote.

Nikakichukua kikombe changu. Nikarudi kwenye meza yetu, na wenzangu wakanipisha nafasi.