Vyeti Vibichi

Wateja walimwita Mama Chapa, na jina lilimkaa vizuri, maana kazi yake ilikuwa kuchapa na mdomo wake haukuwa na breki. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ofisi: dirisha moja lisilofunguka, rafu za karatasi hadi darini, na mashine kubwa ya leza iliyochukua nusu ya nafasi na joto lote. Mwenye duka yeye aliitwa Chapchap. Neno hilo ndilo lililokuwa salamu yake, jibu lake, na wakati mwingine hata rambirambi yake. Mfiwa akija kuchapisha ratiba ya mazishi, Chapchap humshika mkono kwa huruma na kumwambia, "Pole sana, tunakutolea chapchap."

Wengi hudhani mashine ya leza humwaga wino wa maji. Hapana. Ndani yake mna unga mweusi, laini kuliko poda ya mtoto. Umeme huuvuta unga huo ukajipanga kwenye karatasi kwa umbo la herufi, lakini hapo bado umekaa tu kama vumbi juu ya meza, ukipuliza, unaondoka. Kinachoushikisha ni rola ya moto iliyo mwishoni, inayouyeyusha na kuukandamiza. Watu wa chumba kile walikuwa na neno lao: chapa ikishika barabara, imeiva, isiposhika, ni mbichi. Fikiria pasi. Shati jepesi unalipitishia mara moja, basi. Suruali nzito ukiipitia mbio, mikunjo inabaki pale pale inakucheka. Karatasi nayo ni hivyo hivyo. Nyepesi hupita mbio na ikaiva, nzito inataka mwendo wa polepole, na mwendo ukibadilika, moto na umeme navyo sharti vibadilike, la sivyo ukurasa mmoja utatoka mweusi na mwenzake kijivu. Mashine yenyewe inajua kuipiga hesabu hiyo, mradi uiambie ukweli kwamba hii ni karatasi nzito.

Chapchap aliidanganya.

Siku hiyo Mama Chapa alikuwa akichapa vyeti vya wanafunzi waliomaliza shule, na kimojawapo kilikuwa cha binti yake mwenyewe, kifungua mimba wake. Karatasi ilikuwa nzito, ya heshima. Mashine ilitoa cheti kimoja, ikashusha pumzi kama mzee apandaye ngazi, ikatoa kingine. Nje, mwalimu mkuu alikuwa ndani ya gari anasubiri. Chapchap akachungulia, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Mara ya mwisho hakuchungulia. Alipitisha mkono juu ya bega la Mama Chapa, akaiambia mashine kwamba hiyo ni karatasi ya kawaida, na vyeti vikaanza kumiminika kama maji.

Mama Chapa alimwambia vitatoka vibichi. Chapchap akageukia wateja waliokuwa mlangoni. "Kwani huyu namlipa kuchapa au kupika?"

Wateja wakacheka. Mama Chapa akameza hasira yake nzima nzima, bila kutafuna, na vyeti vikaenda shuleni kupigwa sahihi: nusu vinang'aa, nusu vimefifia. Watu waliona tofauti, ila kila aliyeona alidhani ni mwenzake atakayesema.

Cha binti kilikuwa katika ile nusu ya pili. Alikwenda nacho chuo cha uuguzi kujisajili, akapanga foleni nyuma ya rafiki yake waliyesoma darasa moja. Cha rafiki kilikuwa cheusi tii. Karani akakipokea, akapokea na cha binti, akavilaza sambamba mezani. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya alama ya Biolojia, na herufi ikaondoka na kidole.

Akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, ni nani aliyemtengenezea kile cheti. Akasema waghushi wa siku hizi wamekuwa wavivu. Akampa hadi mwisho wa wiki alete cheti cha kweli, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine.

Binti alifika nyumbani akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango, ndipo akalia.

Mama Chapa alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Cheti amekitoa yeye, kwa mikono yake, kwa shule ambayo mtoto amesoma kweli, kwa alama ambazo mtoto amezipata kweli, halafu mtoto aitwe mghushi mbele ya umati? Alilisema hilo mara nyingi usiku ule, mpaka mume wake akaanza kuitikia kabla hajamaliza.

Asubuhi alipofika kazini alimkuta Chapchap yuko kwenye simu, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Alikuwa akiongea na mwalimu mkuu, maana wazazi wengine nao walishalalamika. Mama Chapa akasikia kwamba fundi wa mashine, yaani yeye, alizembea. Akasikia kwamba fundi hatavigusa tena vyeti hivyo. "Nitavichapa kwa mkono wangu, mwalimu. Chapchap."

Basi jina lake limechafuliwa, na vyeti vitatoka vibichi kwa mara ya pili.

Hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwake, akazima mashine, akaketi mbele yake juu ya katoni ya karatasi, na Chapchap alipokuja akamwambia, "Bosi, ipige tena hiyo simu."

Chapchap akamtuliza. Yale yalikuwa maneno ya biashara tu, dada yangu, mwalimu hata hamjui fundi ni nani. Cha mtoto wake watakitoa sasa hivi, peke yake, wala hakuna atakayejua.

"Peke yake? Chake kiive, vya wenzake vitoke vibichi tena?" Mama Chapa hakuinuka. "Vitachapwa vyote, kwa mwendo mmoja, vifanane kama mapacha. Na ungekuwa hujui, ningekusamehe. Lakini neno mbichi nimelipata kwako. Ni wewe uliyenisimamisha hapa hapa, ukanisugulia karatasi mbele ya macho yangu mpaka herufi zikafutika. Ulijua, bosi. Ulijua ukacheka."

Dukani wateja walianza kugonga kaunta. Chapchap akaitazama mashine, akamtazama aliyeketi mbele yake, akachukua simu. Alianza kwa kuzunguka mbuyu: kulitokea hitilafu ndogo ya mwendo, unajua mashine hizi.

"Hitilafu ina jina," Mama Chapa akasema.

"Ni mimi, mwalimu," Chapchap akasema, safari hii polepole. "Mwendo niliubadilisha mimi. Fundi alinikataza."

Mwalimu mkuu akataka kuongea na fundi mwenyewe. Akamwambia avichape yeye, naye atakuja dukani kuweka sahihi na mhuri.

"Karibu, mwalimu," Mama Chapa akamjibu. "Ila usisubiri ndani ya gari. Ingia ukae, vina muda wake."

Siku ya mwisho ya usajili alimsindikiza binti hadi dirishani. Karani akakisugua cheti kipya, akasugua tena, akagonga mhuri na kumwita anayefuata. Mama Chapa hakusogea.

"Hata kile cha kwanza kilikuwa halali. Kilikuwa kibichi tu."

Binti akamvuta mkono, akimnong'oneza kwamba basi, Mama, twende. Karani akaitazama foleni ikirefuka, akanung'unika kwamba sawa, ilikuwa bahati mbaya.

"Unamwambia nani? Mimi sijaja kusoma. Mwenye cheti huyu hapa."

Karani akainua uso, akamtazama binti kwa mara ya kwanza. "Samahani, dada."

Walitoka. Binti alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, anatabasamu peke yake, na mama yake njia nzima akilalamika kwamba samahani yenyewe yule bwana ameitoa kama anang'olewa jino.